Hita Inayokataa na Hita Iliyoharibika

Hita ya gesi ya kubeba ikigoma kuwaka, mwenyewe husema imekufa. Fundi anayeijua kazi yake hasemi hivyo haraka. Swali lake la kwanza ni kama hita imeshindwa kuwaka au imekataa kuwaka, na mambo hayo mawili yako mbali sana. Iliyoshindwa ina uchafu kooni, mpira uliopasuka au valvu iliyokwama. Iliyokataa ni nzima kabisa: imegundua hatari ambayo mwenye nyumba hajaiona, ikajifungia gesi. Nimekaa sana kwenye vibanda vya mafundi wa vifaa vya gesi mjini Nakuru, hasa msimu wa baridi, kati ya Juni na Agosti, na jambo linalonifanya niisifu kazi yao ni huo uwezo wa kutofautisha. Kubadilisha kipuri kunaweza kufundishwa kwa wiki moja. Kujua wakati ambapo hakuna cha kubadilisha ni shule ya miaka.

Hita huletwa kutoka pande zote. Za mikahawa inayopanga viti nje, za wafugaji wanaolea vifaranga, za nyumba za mawe kule Njoro na Kinangop ambazo haziingizi jua. Zinafika zimefungwa kwa gunia nyuma ya pikipiki, mara nyingi bila mtungi, na fundi mmoja mzee ninayemheshimu sana huzirudisha hapohapo. "Niletee na mtungi," humwambia mteja. "Nikitengeneza hita peke yake nitakuwa nimetengeneza nusu ya ugonjwa."

Kazi yake huanzia kwenye mtungi. Huushika mabegani, huutikisa kidogo, husikiliza kimiminika kikigonga chuma. Kisha humwaga maji ya vuguvugu upande mmoja na kuteremsha kiganja polepole. Juu chuma kina joto. Pakifika mahali fulani kiganja kinakuta baridi ya ghafla, na hapo ndipo gesi iliyo majimaji inapoishia. Mteja ameapa kwamba gesi imekwisha, kumbe robo ya mtungi bado imo. Gesi tunayouziwa ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka ikiwa nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna usiku wa Kinangop unaoweza kuizuia isigeuke mvuke. Butani huchemka karibu kabisa na sifuri. Hita inapowaka, propani hutangulia kutoka na butani huachwa nyuma, nzito na mvivu. Juu ya hayo, kila kiasi kinachogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwa kile kilichobaki na kutoka kwenye chuma cha mtungi. Ndiyo maana mtungi mdogo uliofungwa kwenye hita kubwa hutoka jasho, kisha huvaa ukoko mweupe wa barafu, na mwali hunywea. Uzime, upumzishe, utawaka vizuri tena kwa muda, halafu utafifia vilevile.

Hapo hakuna kilichoharibika. Dawa ni mtungi mkubwa zaidi, wenye chuma kipana cha kupokea joto la hewa. Wapo watu wanaouzungushia mtungi makaa ili gesi iamke, na mzee huyo akisikia habari hiyo huacha kila alichoshika mpaka amalize kumwonya mhusika, awe ni mteja wake au mpita njia.

Baada ya mtungi ni maji ya sabuni. Kikopo, brashi kuukuu ya rangi, povu zito. Hupaka kwenye valvu, kwenye regyuleta, kwenye kila kiungo cha mpira, kisha hungoja. Kiputo kimoja kinachovimba taratibu pembeni ya nati kinatosha kusimamisha kazi yote. Propani ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi darini ikatokea dirishani. Hushuka sakafuni na kutanda chini ya kitanda. Yenyewe haina harufu. Ule uvundo unaotushtua hutokana na merkaptani inayotiwa kwa makusudi ili pua zetu zipate habari. Lakini pua huzoea, na povu halizoei. Hakuna kiberiti kinachowashwa kibandani hapo kabla sabuni haijatoa ruhusa.

Ninachopenda zaidi kutazama ni pailoti, yaani kile kimwali kidogo cha kuanzia. Malalamiko yanayohusu pailoti yanafanana mno: nikishikilia kitufe inawaka, nikiachia inazima. Ili kuelewa kwa nini, inabidi ujue kinachotokea chini ya kidole chako. Unapobonyeza kitufe unaifungulia gesi mlango kwa nguvu ya mkono. Kimwali kinawaka na kulamba ncha ya kijiti chembamba cha chuma, ambacho mafundi hukiita themokapo. Ndani yake kuna metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha hiyo ikipata moto huku upande wa pili ukiwa baridi, umeme huzaliwa. Thomas Johann Seebeck aliyaona hayo mwaka 1821, pale sindano ya dira ilipogeuka karibu na metali mbili alizoziunganisha na kuzipasha joto. Umeme wenyewe ni mdogo, kama milivolti 25, sehemu moja ya sitini ya betri ya redio. Hata hivyo unatosha kuipa sumaku iliyo ndani ya valvu nguvu ya kuushikilia mlango baada ya kidole kuondoka. Mwali ukizimika, ncha hupoa, umeme hukatika, sumaku huachia, springi hufunga gesi. Hakuna betri wala kompyuta katika mpango huu. Moto wenyewe ndio unaoshikilia mlango unaoulisha, na moto ukiondoka mlango unajifunga. Mimi naona ni moja ya mambo mazuri kabisa ambayo akili ya binadamu imewahi kupanga kwa vipande viwili vya chuma.

Kwa hiyo fundi anaposikia lalamiko hilo, hafungui chochote kwanza. Humwomba mteja awashe mwenyewe, na hutazama kidole. Wengi huachia mapema mno. Ncha inahitaji kama nusu dakika ipate moto. Wakishikilia ipasavyo, hita inawaka, na wanaondoka nayo palepale. Kama bado inazima, hufuata ncha yenyewe: masizi yaliyoganda juu yake, ambayo huyatoa kwa msasa laini, bila papara. Kisha ile nati inayofunga mwisho wa pili kwenye valvu. Umeme mdogo kiasi hicho hupotea kwenye kutu kidogo au nati iliyolegea. Huikaza kwa vidole, halafu robo ya mzunguko kwa spana, basi. Vijana wake hutaka kukaza zaidi, naye huwashika mkono.

Halafu hushusha turubai mlangoni, kibanda kikawa giza. Mchana mwali wa bluu hauonekani vizuri, na wala cheche haionekani. Gizani anaona kama cheche inaruka kutoka kwenye ncha ya kiwashio kwenda kwenye chuma cha pailoti, au inatorokea pembeni kupitia ufa kwenye kauri, ufa ambao jicho halikuuona kwenye jua. Anaona pia umbo la kimwali. Kikiwa sawa ni cha bluu, kimesimama imara, na kimeikumbatia ncha ya themokapo. Kikiwa na kasoro ni cha njano, kimelegea, kinainama upande mwingine kana kwamba kinaogopa ile ncha.

Mkosaji huwa ni buibui. Hita iliyowekwa stoo tangu Septemba mpaka Mei ni nyumba nzuri kwake, na sehemu anayoipenda ni tundu dogo la hewa kwenye shina la pailoti. Uzi mmoja tu wa utando ndani ya tundu hilo hupunguza hewa, na gesi isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote. Kwa wafugaji wa kuku, kazi ya buibui hufanywa na vumbi la maranda na vinyoya laini. Bruda ya vifaranga wa wiki ya kwanza, wanaotaka joto la nyuzi 32 hadi 35, huwaka usiku na mchana katikati ya vumbi hilo, na mfugaji asiyesafisha kichujio cha hewa huamka siku moja akakuta vifaranga wamerundikana kona moja, waliokuwa chini wamekufa kwa kukosa hewa.

Kuna jambo ambalo mzee hulikataza kwa sauti ya juu, naye si mtu wa kupaza sauti: sindano. Tundu la shaba ambalo gesi hupita limetobolewa kwa kipimo, na upana wake haufiki nusu milimita. Ukilichokonoa kwa sindano linafunguka, ndiyo, lakini linapanuka, na kuanzia siku hiyo gesi itakayotoka haitalingana tena na hewa inayoingia. Mwali utakuwa wa njano maisha yake yote. Yeye hulipuliza kwa hewa ya kompresa, kutoka upande wa mbele kurudi nyuma, kisha huliinua kwenye mwanga na kulichungulia kama sonara anavyochungulia jiwe. Asiporidhika hulilowesha kwenye spiriti na kupuliza tena. Nimemwona akitumia asubuhi nzima kwa tundu ambalo wengine wangelimaliza kwa dakika moja, na kuliua.

Njano inatisha kwa sababu ina mwenzake asiyeonekana. Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa masizi, na hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Kwetu tumeizoea habari yake kupitia jiko la makaa lililoingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Gesi ni safi kuliko makaa, lakini nayo hula hewa ya chumba kilekile tunamolala. Ndiyo sababu hita nyingi za kubeba zinazoruhusiwa kutumika ndani zina pailoti iliyoundwa kwa hila ya pekee. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka kuelekea 18, mwali wa pailoti hiyo hunyanyuka na kuiacha ncha ya themokapo, ukiitafuta hewa mbali zaidi. Ncha hupoa, mlango hufunga. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliisoma hewa ya migodi kwa namna hiyohiyo, kwa kutazama mwali ndani ya taa aliyoibuni Humphry Davy mwaka 1815.

Sasa fikiria mtu ambaye hita yake hujizima kila usiku saa moja baada ya kuwashwa, chumba kimefungwa, matambara yamesukumwa chini ya mlango. Kwake hita ni mbovu. Na katika kila mji kuna mtu atakayekubali, kwa pesa kidogo, kuikunja ncha ya themokapo isogee karibu na moto, au kuiondoa pailoti hiyo na kuweka ya kawaida, au kukifunga kitufe kwa waya. Hita itawaka usiku kucha. Mtu huyo atashukuru. Simwiti huyo aliyefunga waya fundi, hata kama mikono yake ni myepesi na kibanda chake kimejaa wateja.

Kesi iliyonionyesha ukubwa wa kazi hii ilikuwa ya mama mmoja aliyerudisha hita ileile mara kwa mara. Kibandani iliwaka tangu asubuhi hadi jioni. Kwake ilizima baada ya dakika chache, hata madirisha yakiwa wazi. Vijana walishabadilisha themokapo, walishasafisha pailoti, na mmoja alianza kunong'ona kwamba mama huyu haelewi kuwasha. Mzee alivuta kigoda.

"Mama, nyumbani ni wapi?"

"Molo. Kupita mjini, kule juu."

"Basi mama, hii hita yako haina neno."

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Molo inakaribia mita 2,500. Asilimia ya oksijeni ni ileile, lakini hewa yenyewe ni nyepesi. Kwa kila pumzi, mtu wa Molo hupata oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko mtu wa Mombasa. Pailoti ya hita ile haijui habari za milima. Inachojua ni kwamba hewa haitoshi, na hujibu kama ilivyoundwa kujibu. Maelekezo ya baadhi ya hita za aina hiyo huonya waziwazi kwamba zinaweza kujizima zikivuka mita 2,100, kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma dukani.

Mama aliuliza kama hakuna namna ya kuirekebisha ikubali. Mzee alimjibu kwamba namna ipo, na yeye hataifanya. Alimweleza ni kwa nini, pole pole, mpaka mama akaanza kumweleza yeye. Akamshauri ajenge jiko la kuni lenye bomba la kupeleka moshi nje, akamtajia mtu wa kulijenga hukohuko Molo. Vipuri walivyoweka vijana hakumtoza. Alimtoza pesa ya kuangalia, na mama aliitoa bila kubisha, jambo ambalo ni nadra, kwa sababu wengi wetu hulipia nati na mpira, vitu tunavyoweza kuvishika, na huona tumeibiwa tukilipia maarifa. Mimi nadhani pesa ile ndiyo iliyokuwa halali kuliko zote alizopokea siku hiyo. Hita, mama aliiacha kwa dada yake anayeishi Naivasha, na huko inawaka bila tatizo.