Kusoma Matumba

Siku hizi bluberi hazina msimu. Zimejaa dukani Januari hadi Desemba, ndani ya visanduku vya plastiki, na mnunuzi hajiulizi zilichumwa kiangazi cha nchi gani. Wengi huona hayo ni maendeleo. Lakini tunda hili lisingetoka porini bila watu waliokikagua kichaka mwaka mzima na kukumbuka walichokiona, na ufundi huo ndio unaopuuzwa sasa. Waliojaribu zamani kulihamishia mashambani huko Marekani waliambulia vichaka vilivyodumaa, hadi mwaka 1910 mtaalamu wa mimea Frederick Coville alipoonyesha kwamba mmea huu unataka udongo wenye asidi. Elizabeth White wa Whitesbog, New Jersey, akamkaribisha kwenye shamba la familia yake, kisha akawapa wachumaji wa msituni kipimo chenye tundu ili wamtafutie vichaka vyenye matunda makubwa. Mavuno ya kwanza ya kuuzwa yalipatikana 1916. Mtaalamu aliujua udongo. Kichaka kipi kinazaa vizuri waliojua ni wale waliopita porini kila mwaka.

Mwisho wa kiangazi, matunda yakiwa yamekwisha na kila mtu amekipa kichaka kisogo, ncha za matawi machanga ndipo zinapotunga matumba ya mwaka ujao. Tumba la ua ni nene na la mviringo. La jani, chini yake kidogo, ni jembamba, limechongoka. Baadaye majani yanakuwa mekundu, yanapukutika, zinabaki fito tupu. Aina nyingi za kaskazini hazichipui vyema mpaka zipate saa 800 hadi 1,000 za baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Anayeyatambua matumba hupogoa kabla hayajaamka, akijua kila ncha anayoikata inaondoka na kishada kizima. Kisha magamba yanaachana, rangi ya waridi inachungulia, maua yananing'inia kama vikengele. Kila hatua inaupunguzia mmea ustahimilivu: baridi ya nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, ambayo tumba lililofumba haliijali, inaweza kuliua ua lililofunguka. Hata tunda likishakuwa la bluu, tazama penye kikonyo. Ukiona wekundu umebaki hapo, liache siku kadhaa, la sivyo utakula uchachu. Ndiyo maana mchumaji mzuri hurudi kwenye kishada kilekile mara kadhaa.

Itasemwa kwamba vipima joto na programu za kompyuta hufanya kazi hiyo bila kuchoka. Kweli, hazichoki. Lakini hesabu za programu hizo zimejengwa juu ya tarehe alizoziandika mtu aliyesimama mbele ya mmea. Kati ya 1852 na 1858 mwandishi Henry David Thoreau aliandika siku mimea ya Concord, Massachusetts, ilipochanua. Zaidi ya miaka 150 baadaye mwanabiolojia Richard Primack na mwenzake wakatumia maandishi hayo kuonyesha kwamba mimea mingi pale huchanua mapema zaidi, kwa wastani wa siku 7. Kipima joto peke yake kisingewaambia hilo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Zipo aina zinazoridhika na baridi kidogo, zinazolimwa hata Murang'a nchini Kenya, na zinawapa watu ajira. Sina ugomvi na ajira. Ila aina hizo nazo zilipatikana kwa kuchagua na kuchanganya mimea kwa miaka mingi, kazi ya macho yaleyale. Ninachokilalamikia ni kasi ya kuyaacha macho hayo wakati yanapohitajika zaidi. Vuguvugu la mapema linaamsha matumba, baridi ya Aprili inayakuta wazi, na mashine ya kutikisa matawi inapokuja kiangazi huangusha matunda yaliyoiva pamoja na yenye wekundu kikonyoni. Anayeiendesha kazi yake ni kumaliza safu, na hakuna aliyemwambia atazame kikonyo.