Dawa ileile, upande mwingine wa kioo

Mwaka 1921, huko Graz, Otto Loewi aliisisimua neva ya vagasi ya moyo wa chura, akachota maji yaliyokuwa ndani ya moyo huo na kuyamimina kwenye moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo. Kilichokuwa ndani ya maji yale ni asetilikolini. Baadaye ikajulikana kwamba kemikali hiyo hufungua chaneli za potasiamu: potasiamu hutoka na chaji yake chanya, ndani ya seli huzidi kuwa hasi, na pigo linalofuata huchelewa. Likabaki swali moja gumu. Asetilikolini ikishakishika kipokezi chake kwenye seli, chaneli hupata habari kwa njia gani?

Mwaka 1984 watafiti Soejima na Noma walilijibu kwa seli za vyumba vya juu vya moyo wa sungura. Katika mbinu yao, pipeti ya kioo yenye ncha ya kama mikromita moja huwekwa juu ya utando wa seli, kisha huvutwa pumzi kidogo hadi kioo na utando vigandane kabisa. Kipande cha utando kilicho chini ya ncha sasa kimetengwa na maji ya nje. Mtambo hurekodi umeme wa kipande hicho tu, ambao ni pikoampea chache. Kwenye karatasi mstari hulala, huruka kama ngazi moja, hukaa kidogo, hushuka. Kila ngazi ni chaneli moja iliyofunguka na kufungika.

Walipoitia asetilikolini kwenye maji ya nje, iliigusa seli karibu yote, lakini chaneli zilizo chini ya kioo hazikuchangamka. Walipoitia ndani ya pipeti, zikafunguka tena na tena. Dawa ni ileile, seli ni ileile. Kilichobadilika ni upande wa kioo. Kwa hiyo habari haisafiri ndani ya maji ya seli. Inapita jirani kwa jirani, palepale kwenye utando.

Isoprenalini, inayoamsha vipokezi vya beta na kuuharakisha moyo, hufanya kinyume. Ukiitia nje ya pipeti, chaneli za kalsiamu zilizo chini ya kioo hufunguka mara nyingi zaidi ingawa dawa haikuzifikia, kwa sababu mjumbe wake, AMP ya mzunguko, huenea ndani ya seli. Kila ngazi hubaki na kimo chake. Kinachoongezeka ni idadi ya kufunguka.

Mjumbe wa jirani naye alipatikana. Mwaka 1985 ilionekana kwamba bila GTP chaneli ya potasiamu haiitikii, ishara ya protini ya G, protini ya kwenye utando inayowashwa na GTP. Mwaka 1987 Logothetis na wenzake wakaonyesha kuwa sehemu ya beta-gama ya protini hiyo ndiyo inayoifungua chaneli. Walipingwa vikali na waliotetea sehemu ya alfa, lakini ushahidi uliofuata uliwapa haki watetezi wa beta-gama.

Chaneli hiyohiyo hufunguliwa na adenosini kupitia kipokezi cha A1. Ndiyo maana daktari huidunga haraka mshipani, miligramu 6 kwa kuanzia, kukatisha aina fulani za mapigo ya mbio. Na nusu ya dawa hiyo huwa imekwisha kwenye damu kabla ya sekunde 10.