Kiolesura na Utendaji wa Mfumo katika Tasnifu ya Sketchpad: Uhakiki wa Ushahidi

Tasnifu ya udaktari ambayo Ivan Sutherland aliiwasilisha katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, mwaka 1963 chini ya usimamizi wa Claude Shannon, hutajwa mara nyingi kuwa chimbuko la violesura vya michoro. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imewafanya wengi waisifu bila kuichunguza. Uhakiki huu unauliza swali finyu zaidi: je, tasnifu hiyo inathibitisha nini kuhusu utendaji, na kwa ushahidi gani?

Hoja yake kuu ni kwamba mtu anaweza kuwasiliana na kompyuta kwa kuchora badala ya kuandika maagizo. Programu ya Sketchpad iliendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2 ya Maabara ya Lincoln, na mtumiaji alichora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye skrini. Aliweza pia kuweka masharti, kwa mfano kwamba mistari miwili iwe sambamba, na mfumo ukarekebisha mchoro ili masharti hayo yatimie.

Ubora wa kazi hii umo katika kukataa kutenganisha kiolesura na kasi ya mashine. Mfano mmoja unatosha. Programu ya kufuatilia kalamu ilikuwa na kikomo: kalamu ikisogezwa kwa ghafla, mfumo uliipoteza. Mtafiti mwingine angeuficha udhaifu huo. Sutherland aliufanya kuwa ishara, kwani mtumiaji aliyetaka kumaliza mstari aliichopoa kalamu kwa haraka. Hali kadhalika, masharti yalipoweza kupangwa kwa mfuatano, mfumo uliyatatua kwa mkupuo mmoja. Yaliposhindikana kupangwa hivyo ndipo ulipotumia njia ya kukaribia jibu hatua kwa hatua, ambayo ni ya polepole. Uamuzi huo wa ndani ulionekana nje, katika muda ambao mchoraji alisubiri.

Udhaifu unajitokeza katika upimaji. Ulinganisho mashuhuri zaidi unahusu mchoro wa pembesita 900, uliotengenezwa kwa takriban nusu saa, ilhali idara ya uchoraji ilikadiria kwamba kazi kama hiyo ingeichukua siku mbili. Ulinganisho huo una kasoro tatu. Kwanza, upande mmoja umepimwa na upande wa pili umekadiriwa tu. Pili, mchoro wenyewe ni wa umbo moja linalojirudia, yaani kazi inayoipendelea kompyuta kuliko nyingine yoyote. Tatu, hesabu inahusu muda wa mchoraji pekee. Gharama ya kumwachia mtu mmoja kompyuta kubwa kama TX-2 haimo. Aidha, hakuna jaribio lililopangwa la watumiaji wasioufahamu mfumo, hivyo dai la wepesi wa mawasiliano linabaki kuwa la mbunifu juu ya kazi yake.

Inaweza kujibiwa kwamba mwaka 1963 mbinu za kuwapima watumiaji wa violesura zilikuwa bado hazijajengeka. Jibu hilo lina uzito, na kwa kweli tasnifu yenyewe ni nyofu: inakiri kwamba kuchora kwa kompyuta kuna thamani pale tu mchoro unapozaa kitu zaidi ya mchoro. Hata hivyo, udhuru wa wakati unamfaa Sutherland. Haumfai mtafiti wa leo anayeiga ulinganisho wa aina hiyo huku akiwa na zana bora zaidi za upimaji.

Kwa hiyo, Sketchpad inathibitisha kwamba mawasiliano ya aina hiyo yanawezekana. Haithibitishi kwamba yana ufanisi kuliko njia nyingine. Watahini wanaopokea tasnifu za violesura wanapaswa kuyatenganisha madai hayo mawili, kwa sababu kila moja linadai ushahidi wake.