Saa Nne Zilizoachwa Getini

Gari la kwanza lilifika geti kuu la Mbuga ya Ziwa Nakuru saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Mlioziona zile video za safari ya ukoo mmoja, zilizosambaa mjini, hamhitaji kusimuliwa upya. Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Agosti, ukungu bado umeshika migunga, na mbele yao kulikuwa na magari mawili tu ya kitalii. Watoto walikuwa wamebandika pua kwenye vioo. Mjomba, aliyeipanga safari yote, akashuka, akaongea na simu, kisha akarudi dirishani na kusema maneno ambayo sasa yamezunguka mji mzima: "Tungoje wenzetu, tuingie pamoja." Wenzetu, yaani gari la pili lililokuwa linatoka Nairobi, wakati huo hawakuwa wamefika hata Limuru.

Nissan ikageuzwa, ikaegeshwa kando ya barabara. Waliingia mbugani saa nne na dakika ishirini.

Lilikuwa kosa, tena kosa la kupanga, si la bahati. Mvua ya alasiri, nyanya kusinzia kwenye kiti cha nyuma, kifaru aliyeonekana kama jiwe la kijivu ng'ambo ya nyasi: hayo yote yalizaliwa pale kando ya barabara. Kabla ya hapo sina la kulaumu. Ada ililipwa usiku kwenye eCitizen, gari lilikuwa la juu lenye paa la kufunguka, dereva anaijua mbuga, chakula kilifungwa kwenye hotipoti. Vizuri.

Sasa tuangalie kilichotupwa. Ziwa Nakuru liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Agosti usiku wake ni baridi. Kifaru mweupe hula majani asubuhi na mapema akiwa uwandani, kwenye nyasi fupi zinazoelekea ufukweni, mahali ambapo hata mtoto wa miaka minne humwona bila kuonyeshwa. Jua likipanda anatafuta kivuli na kulala. Kifaru mweusi ni mgumu zaidi: anashinda vichakani, na ukimkosa alfajiri akivuka barabara umemkosa kabisa. Simba wakitoka kwenye mihangaiko ya usiku bado wanatembea saa kumi na mbili na nusu, na wa Nakuru wana desturi ya kupanda miti, kwa hiyo jua likishakolea wako juu ya tawi au ndani ya kichaka, mkia tu ndio unaoning'inia. Chui ndiye usiseme. Katika ile migunga yenye gome la manjano, nafasi yako kwake ni nusu saa ya mwanzo na nusu saa ya mwisho.

Ingia saa nne na dakika ishirini uone utakachopewa. Kuro, pundamilia, nyati, ngiri, nyani. Wanyama wazuri wote, nami nawapenda, lakini hao hata ukija saa saba mchana utawakuta. Twiga pia utamwona, maana twiga wa Rothschild waliohamishwa kutoka Soy, karibu na Eldoret, mwaka 1977 wamezoea hapa na hawamfichi mtu. Wanaohitaji asubuhi ni vifaru na wanyama wawindaji, na hao ndio watoto walikuwa wameahidiwa wiki nzima. Tena mbuga hii si Tsavo. Ni kilomita za mraba 188, imezungushiwa ua, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni maji. Hifadhi ya vifaru ilianzishwa humu mwaka 1987 na wameongezeka tangu hapo. Kuwakosa asubuhi ni kazi. Mchana, ni rahisi mno.

Wanaomtetea mjomba wananiambia hakuwa na njia nyingine. Alikuwa nayo, na ndiyo inayoniuma. Gari la pili lilikuwa linatoka Nairobi. Anayetoka Nairobi hana haja ya kuingia mjini Nakuru kutafuta geti kuu. Geti la Lanet liko upande huohuo anaokuja nao. Kutoka pale unashuka upande wa mashariki wa ziwa, unapita chini ya Lion Hill, unaelekea kusini. Gari la kwanza lingeingia geti kuu saa kumi na mbili na nusu, lingechukua upande wa magharibi polepole, likasimama Baboon Cliff ziwa zima likiwa chini yao, likateremka hadi nyasi za kusini. Magari hayo mawili yangekutana kwenye maporomoko ya Makalia saa tano, hotipoti zikafunguliwa, na kila upande ungekuwa na cha kumsimulia mwenzake. Tiketi ya mtu ni ya mtu na ya gari ni ya gari. Hakuna kanuni ya shirika la wanyamapori, KWS, inayotaka ukoo upite getini kwa msafara. Kilichohitajika ni simu moja: "Nyinyi ingieni Lanet." Na simu mjomba alikuwa nayo mkononi.

Hoja ya nyanya naiheshimu, na ndiyo yenye uzito. Nyanya alikuwa ndani ya gari la pili. Wajukuu kuingia mbugani kabla ya mzee wa mji kulionekana utovu wa adabu, na mjomba, akiwa mwana wa tumbo lake, hakutaka kubeba lawama hiyo. Ninaelewa. Lakini angalieni alivyotunzwa nyanya mwenyewe. Aliamshwa saa kumi usiku Nairobi, akaketishwa garini akingoja gari lipakiwe, wakasimama Naivasha kwa chai, akafika getini akiwa na saa sita za uchovu mwilini, kisha akapitishwa mbugani katika joto la mchana akiwa dirisha la upande wa jua. Ile video mnayoicheka ya nyanya amelala huku sauti zikiita "Cucu, kifaru, kifaru!" mimi sioni cha kucheka. Kama adabu ndiyo ilikuwa hoja, angeletwa Nakuru Ijumaa jioni, akalala kwa mwanawe pale Free Area, na alfajiri akakaa kiti cha mbele cha gari la kwanza. Hapo ndipo wajukuu wangeingia nyuma ya mzee wao, na mzee angewaona simba.

Nimelisema jambo hili kwenye safu hii kila likizo na nitalisema tena: safari zetu za familia zinapangwa kuanzia jikoni. Nani anapika chapati, nani analeta soda, hotipoti ni ngapi, kachumbari ikatwe saa ngapi. Saa ya kuingia getini haina kamati. Ndiyo maana utaona watu wenye akili zao, wanaofungua maduka saa kumi na mbili kila siku ya Mungu, wakifika mbugani saa tano wakiwa na wali wa moto na wanyama wamelala.

Walimu wa zamani hawakuwa hivyo. Wildlife Clubs of Kenya, iliyoanza mwaka 1968, ilikuwa na hosteli ndani ya mbuga hii, na walimu wa vilabu waliitumia kwa akili. Watoto waliingizwa jioni, wakalala humohumo ndani, na jua lilipochomoza basi la shule lilikuwa tayari limo uwandani. Hakuna foleni ya geti, hakuna kungoja aliyechelewa. Kila mtoto alikuwa na daftari la mazoezi lenye mistari miwili: mnyama, na alichokuwa anafanya. Walikula mkate na chai ya chupa ndani ya basi, vioo vimefungwa kwa sababu ya nyani, na kufikia saa tatu walikuwa wameshamaliza kazi kubwa ya siku. Walimu wale hawakuwa na eCitizen wala simu, wala paa la kufunguka. Walikuwa na saa ya mkononi na waliiamini. Siku hizi shule inakodi basi lenye spika kubwa, linaingia saa tano muziki ukilia, na mwalimu anashangaa kwa nini watoto waliona swala tu.

Hata wanaouza mfano wa kwetu wanalijua hili. Disney walifungua bustani yao ya Animal Kingdom huko Florida Aprili 1998. Ndani yake kuna kijiji kinachoitwa Harambe, kilichojengwa kwa kuiga Lamu, na kutoka hapo malori ya wazi hupakia wageni kwa safari wanayoiita Kilimanjaro Safaris. Bustani nzima haifiki kilomita za mraba 3. Mbuga yetu ingeimeza mara sitini na zaidi. Lakini familia inayokwenda kule inajifunza jambo moja kabla ya jingine lolote: uwe mlangoni kabla haujafunguliwa, na malori ya wanyama uyaendee kwanza, maana asubuhi ndipo wanyama wanatembea na foleni ni fupi. Anayechelewa anakutwa mbele ya safari, na anayechoka anasubiriwa wakati wa chakula. Wanafanya hivyo kwa twiga anayelishwa na kulazwa na mfanyakazi. Sisi tuna vifaru wanaojitafutia majani yao wenyewe, kilomita chache kutoka stendi ya matatu, na tunawapa saa zilizobaki baada ya chai.

Yaliyofuata siku ile nitayapitia haraka. Kwa kuchelewa, waliruka nyasi za kusini na kukimbilia Baboon Cliff kwanza, wakafika saa sita, wakati ziwa linang'aa mpaka huoni ndege. Wakafungulia chakula palepale. Nimeshaonya kuhusu hilo pia. Jina la mwamba linatosha, na lile dume la nyani lililoondoka na mfuko mzima wa chapati lilikuwa linafanya kazi yake ya kila siku. Dereva alishauri Makalia. Hakusikilizwa.

Kuhusu heroe, mjomba aliwaahidi watoto ziwa la waridi, na lawama hiyo simbebeshi yeye peke yake. Picha zile za zamani bado zinaning'inia kwenye kuta za hoteli nyingi za mji huu. Tangu ziwa lianze kufura mwaka 2010 hivi, likameza geti kuu la zamani na barabara za kaskazini, maji yake yamepungua chumvi na magadi, na ule mwani ambao heroe wadogo wanaula haustawi kama zamani. Makundi makubwa yanahamia Bogoria na kwingineko, mengine yanarudi, mengine hayarudi. Anayepanga safari awaambie watoto wake ukweli huo nyumbani. Awaambie pia kwamba humu hakuna ndovu, kwa sababu yule mdogo aliuliza ndovu yuko wapi kuanzia getini mpaka Baboon Cliff na hakuna mtu mzima aliyemjibu.

Saa tisa mvua ikaja. Hiyo nayo si bahati mbaya. Agosti ni miongoni mwa miezi ya mvua Nakuru, asubuhi huwa kavu na alasiri mawingu hushuka kutoka Mau. Mkazi wa hapa anaanua nguo saa nane bila kuangalia juu. Paa likafungwa, vioo vikajaa mvuke, barabara ya udongo ikawa telezi, dereva akapunguza mwendo kwa haki kabisa. Kutoka hapo mpaka getini waliona mgongo wa gari la mbele. Siku nzima ya mbuga, kwa watu waliolipa ada kamili, ilibaki saa nne na nusu hivi za joto kali, kisha mvua.

Mnaokumbuka ada ya shilingi 860 kwa mtu mzima na 215 kwa mtoto mtaniambia hasara si kubwa. Mimi hesabu yangu si ya shilingi. Kuna mtoto pale wa darasa la pili ambaye jamaa zake wanaishi Nairobi, na hataletwa tena Nakuru karibuni.

Nasikia Desemba ukoo huohuo unaelekea Hell's Gate, na mpango ni uleule: wakutane Naivasha mjini saa tatu, wanywe chai, waende pamoja. Naomba mjomba anisikilize kabla hajapiga simu. Pale kuna kilomita za mraba 68, baiskeli zinaruhusiwa, na watoto wanaweza kuendesha katikati ya pundamilia kuanzia geti la Elsa mpaka Fischer's Tower jua likiwa bado changa. Lakini kuna pia korongo la Ol Njorowa, na Septemba 2019 maji ya ghafla yaliua watu saba humo. Mvua inaweza kunyesha juu milimani ninyi mkiwa chini na anga safi. Kwa hiyo walio tayari saa kumi na mbili waingie na baiskeli zao. Walio nyuma watawakuta Fischer's Tower. Na kama korongo litakuwa wazi siku hiyo, waulize askari wa mbuga kwanza, waingie na mwelekezi, na kufikia saa tano awe ameshatoka kila mtu, kuanzia nyanya mpaka yule wa mwisho aliyebaki nyuma akipiga picha.