Kreti au Mtungi? Uhakiki wa Kinywaji cha Sikukuu Bujumbura

Kila Desemba inapokaribia, swali moja huzunguka katika nyumba nyingi za Bujumbura, kuanzia Kamenge hadi Kanyosha: kinywaji cha Noeli na Mwaka Mpya kitatoka wapi? Kitaletwa kwa kreti kutoka kwa muuzaji wa jumla, au kitateremshwa kutoka milimani ndani ya bidoni, kikiwa kimekamuliwa na mjomba na kuchachushwa nyumbani kwake? Swali hili huulizwa kama la bajeti tu. Insha hii inadai kwamba ni swali la thamani, na kwamba jibu lililozoeleka mjini, yaani chupa ndiyo heshima na mtungi ni wa wasio na uwezo, halijawahi kupimwa ipasavyo. Nitalipima kwa vigezo vinne: ladha, gharama, usalama na heshima ya mgeni.

Kwanza ni lazima tujue tunalinganisha nini na nini. Upande wa dukani, kinywaji kinachotawala ni bia ya Brarudi, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1955, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Leo kampuni ya Heineken ya Uholanzi ndiyo yenye hisa nyingi humo, na serikali ya Burundi ni mbia wake. Ukitaja sherehe Bujumbura umetaja Primus, ile chupa kubwa ya sentilita 72, au Amstel kwa anayetaka kuonekana amepanda daraja. Upande wa nyumbani kuna ndugu wawili wakuu. Wa kwanza ni urwarwa, pombe ya ndizi. Wa pili ni impeke, pombe ya mtama. Simo katika kutetea kanyanga, pombe kali inayokenekwa kwa siri na iliyopigwa marufuku. Wengi huichanganya na hizi mbili kwa makusudi ili kuzichafua zote kwa pamoja, na uhakiki wa haki hauanzi kwa kuchanganya washtakiwa.

Tuanze na ladha, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika haraka zaidi. Urwarwa hutokana na ndizi mbivu. Ndizi hukatwa zikiwa mbichi, huvundikwa siku kadhaa kwenye shimo lililofunikwa majani, au hutundikwa juu ya jiko zipate joto. Zikiiva humenywa na kukandwa pamoja na nyasi, na nyasi hizo ndizo zinazosaidia maji kutengana na nyama ya ndizi. Maji hayo matamu, umutobe, huchujwa, huongezwa maji kiasi, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa ili kuamsha uchachu. Asipoongeza maji, mtengenezaji hupata isongo, ndugu mkali wa urwarwa. Baada ya siku moja hadi tatu kinywaji kiko tayari. Siku ya kwanza utamu bado unatangulia na harufu ya mtama uliokaangwa inafuata nyuma. Siku ya pili vyote viwili vimepatana. Siku ya nne uchachu umeshika usukani, na mnywaji mwenye adabu hukunja uso bila kusema neno.

Kwa hiyo urwarwa una umri kama mtu, una asubuhi yake na jioni yake. Primus haina umri. Ile ya Januari ni ile ya Julai, na ya Gitega ni ya Rumonge. Wako wanaouona usawa huo kuwa ubora, nami sibishi kwamba ni kazi ngumu ya kitaalamu kufanya mamilioni ya chupa zifanane. Lakini kufanana kwa ladha hakutoshi kuifanya iwe nzuri. Mhakiki wa fasihi hasemi kitabu ni bora kwa sababu nakala zote zina kurasa zilezile. Katika kigezo cha ladha, mtungi ulionywewa siku yake unaishinda chupa. Mtungi uliochelewa unashindwa, tena vibaya. Tatizo ni kwamba barabara ya kutoka Kayanza hadi Bujumbura, bidoni likirukaruka juu ya gari chini ya jua, huongeza siku moja ndani ya saa chache. Wengi wa mjini wanaoulaumu urwarwa hawajawahi kuunywa ukiwa katika umri wake. Wamekutana na mzee wakadhani amezaliwa hivyo.

Kigezo cha pili ni gharama. Hapa mjadala huishia kwenye bei ya chupa na bei ya lita ya bidoni, na kwa hesabu hiyo bidoni hushinda bila jasho. Hesabu ya kweli ni pana zaidi. Kimea cha bia ya kiwandani hutegemea kununuliwa nje, na vya nje hununuliwa kwa fedha za kigeni. Miaka ya hivi karibuni, nchi ilipokosa dola na mafuta ya magari, bia nayo ikawa ya kutafutwa kwa tochi. Kwenye kabare ikawa kawaida kuuziwa kile kilichopo badala ya kile ulichoomba, na bei ya mtaani kupanda juu ya bei iliyotangazwa. Shamba la migomba halikusubiri dola. Ndizi ziliendelea kuiva kwa ratiba yake, na pombe yake ikaendelea kupatikana. Waswahili walikwishaonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo haitoshi kusema cha nyumbani ni cha bure. Impeke hasa ni kazi nzito: mtama hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa, husagwa, hupikwa, kisha hungojwa uchachuke. Kwa desturi ukamuaji wa ndizi ni kazi ya wanaume, ila impeke huwa mikononi mwa wanawake. Kuni, maji na siku za mama hazimo katika bei ya bidoni, na sisi wa mjini tunapousifia urahisi wa bei hiyo tunasifia jasho ambalo halijalipwa. Upande wa pili, kiwanda ni miongoni mwa walipa kodi wakubwa wa nchi, na kodi hiyo ina kazi yake. Kwa hiyo anayesema "nunua cha nyumbani umsaidie mkulima" na anayesema "nunua chupa ulijenge taifa" wote wana nusu ya ukweli. Nusu inayokosekana ni hii: kama mtungi una thamani tunayoidai, basi aliyeuandaa alipwe kwa thamani hiyo, hata akiwa shangazi yako. Udugu usiwe jina zuri la kazi ya bure.

Kigezo cha tatu ni usalama, na hapa chupa ina hoja iliyo nzito kuliko zote. Kizibo kimefungwa, kiasi cha kilevi kimeandikwa, na likitokea tatizo mtu anajua wa kumuuliza. Bidoni halisemi lilibeba nini jana. Maji yaliyoongezwa katika umutobe huenda yalitoka bombani, huenda yalitoka mtoni. Mtungi wa impeke ambao watu huunyonya kwa mirija, imiheha, ni picha nzuri ya umoja, ila magonjwa ya mdomo na kifua hayana heshima kwa picha nzuri.

Mgogoro huu si wetu peke yetu. Wamarekani wana kinywaji chao cha Noeli kiitwacho eggnog, mchanganyiko wa maziwa, sukari na mayai, ambao mara nyingi hutiwa pombe kali. Nao hubishana kila mwaka kati ya kile cha boksi la dukani na kile kinachopigwa jikoni. Hofu ya cha jikoni ni mayai mabichi na vijidudu vyake. Lawama ya cha dukani ni kwamba kina mayai kidogo mno. Kwa kweli kanuni za serikali yao zinataka eggnog ya dukani iwe na kiini cha yai kisichopungua asilimia 1 tu ya uzito wake. Somo ninalolipata hapo ni kwamba sheria inaweza kulinda jina la kinywaji pamoja na tumbo la mnywaji, lakini kiwango cha chini cha sheria si kiwango cha juu cha ladha. Sisi tuna ofisi ya viwango, BBN. Ingekuwa faida kubwa kama elimu ya maji safi, vyombo safi na mirija ya mtu mmojammoja ingemfikia mtengenezaji wa mlimani kabla ya faini kumfikia.

Kigezo cha nne, heshima, ndicho kinachoamua kila kitu Bujumbura. Katika posa na mahari, mjumbe wa upande mmoja husimama kusema na wa upande mwingine humjibu, na kinywaji ndicho kinachoyafunga maneno yao. Siku hizi mara nyingi kreti hupangwa mbele ya wageni ili zionekane, na wakwe huzihesabu kwa macho kabla mjumbe hajafungua kinywa. Chupa imekuwa kipimo cha upendo kwa sababu inahesabika. Mtungi hauhesabiki. Hapo ndipo kijana asiye na kazi ya kudumu hukopa ili alete kreti zisizopatikana kwa bei isiyovumilika, na ndoa huanza ikiwa na deni la kileo kilichonywewa kwa saa tatu. Hilo ndilo jambo linalonifanya niandike. Ubishi wa ladha unaweza kumalizwa kwa mzaha, lakini deni halimalizwi hivyo.

Wanaodhani desturi yetu inataka hivyo wanaisingizia desturi. Kabla ya chupa, nchi hii ilikuwa na Umuganuro, sikukuu ya mtama, iliyofanyika mwezi wa Desemba mbele ya mwami na ngoma zake. Ilifanyika mara ya mwisho mwaka 1929, chini ya utawala wa kikoloni. Kwa maneno mengine, Desemba ilikuwa mwezi wa sherehe kubwa hapa kabla ya Noeli kuenea, na kilichobeba heshima ya siku hiyo kilikuwa mtama uliotoka katika udongo wa hapa. Aliyetufundisha kwamba mtama ni aibu hakuwa babu yetu.

Sisemi haya ili kumrudisha mtu katika karne iliyopita. Viwanda vyenyewe vimegundua kwamba mtungi una wapenzi. Brarudi iliwahi kutoa bia ya mtama iliyopewa jina la Nyongera. Arusha kuna kampuni ya Banana Investments inayofungia mvinyo wa ndizi katika chupa, na Tanzania hiyohiyo hunywa Chibuku, pombe ya nafaka inayouzwa kwenye boksi. Njia hii ya kati ina faida yake: usafi wa kiwanda na zao la mkulima. Ina hasara yake pia: kinywaji kinachoishi siku nne kikilazimishwa kuishi miezi, ile asubuhi na ile jioni yake hufutwa. Ni kama hadithi ya bibi iliyochapishwa kitabuni. Ni vyema ihifadhiwe, ila mtu asidhani amemsikia bibi.

Limebaki jambo moja ambalo wabishi wa kreti na mtungi hulipita kana kwamba halipo. Bujumbura si mji wa wanywaji pekee. Katika Buyenzi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya barazani, Waislamu wengi hualikwa na majirani zao Noeli kama wao wanavyowaalika Idi. Wako pia Wakristo wa makanisa yasiyoruhusu pombe, wako watoto, wako wajawazito. Mbele ya kreti ya Primus hawa wote hupewa soda, kama watu wa pembeni. Lakini umutobe, yale maji ya ndizi kabla ya kutiwa mtama, hauna kilevi ukinywewa siku ileile ya kukamuliwa. Ni kinywaji cha nyumbani, cha zao letu, na kila mkono uliopo sebuleni unaweza kukipokea. Ajabu ni kwamba ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, kana kwamba ni hatua ya kupita tu kuelekea urwarwa.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa ladha, mtungi unashinda siku ya pili na kushindwa siku ya nne. Kwa gharama, unashinda pale tu mtengenezaji anapolipwa sawasawa. Kwa usalama, chupa inashinda, na ushindi huo unaweza kupunguzwa kwa maji safi na vyombo safi. Kwa heshima, chupa haikushinda kwa sifa zake, ilishinda kwa sababu tulikubali kuhesabiana. Methali inasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kati ya vinywaji hivi viwili ni kimoja tu chenye mabango makubwa barabarani. Familia inayopanga sikukuu yake mwaka huu inaweza kuanza na umutobe kwa wote, ikafuatisha urwarwa wa siku ya pili kwa wanaokunywa, na kama kreti moja inapatikana kwa bei ya haki, nayo ikaribishwe. Lakini mkwe akizihesabu kreti, mjumbe amjibu kwa adabu kwamba ndizi hazikuhesabiwa kwa sababu zilikuwa nyingi mno.