Ndoa Baada ya Kimbunga: Maji, Maradhi na Unyumba katika Their Eyes Were Watching God

Riwaya ya Zora Neale Hurston, Their Eyes Were Watching God, iliyochapishwa mwaka 1937, husomwa aghalabu kama riwaya ya mapenzi ambayo ndani yake mna kimbunga. Wahakiki huisifu sura ya kumi na nane, pale ziwa Okeechobee linapovunja kingo zake na kuyafurika mashamba ya Everglades katika jimbo la Florida, na ni haki yao kuisifu. Kisha hukimbilia kifo cha Tea Cake na kesi ya mkewe, Janie. Baina ya gharika na kifo hicho pana majuma yapatayo manne ambayo hayazungumzwi sana: majuma ya kutafuta pa kulala, kufukia maiti, kurudi makao ya zamani, kuanza tena kupika na kutaniana. Makala haya yanadai kwamba ni katika majuma hayo, wala si katika dhoruba yenyewe, Hurston anapoitia ndoa hii majaribuni. Dhoruba inawakuta mume na mke wameshikana. Kupona ndiko kunakowaachanisha.

Tukio lenyewe ni la kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Septemba 1928, kimbunga kilichokwisha kuipiga Puerto Rico kiliingia Florida kupitia Palm Beach. Upepo wake ukayasukuma maji ya ziwa hadi ukuta wa udongo uliojengwa kuyazuia ukabomoka. Kwa miaka mingi hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa 1,836. Mwaka 2003 ilirekebishwa ikawa watu 2,500 kwa uchache. Wengi wao walikuwa vibarua weusi wa mashambani, wakiwamo wahamiaji kutoka visiwa vya Bahama. Katika mji wa West Palm Beach miili 674 ya weusi ilifukiwa katika shimo moja ambalo halikuwekwa alama kwa miongo mingi, ilhali Wazungu 69 walizikwa katika makaburi ya Woodlawn. Hurston hakuwapo. Riwaya aliiandika nchini Haiti mwaka 1936, kwa majuma saba tu. Hata hivyo alikijua kimbunga, kwani mwaka 1929 alikipitia kingine huko Nassau. Yafaa mambo haya yakumbukwe, kwa sababu msanii hakuyatumia kama mandhari ya nyuma tu. Lile shimo la West Palm Beach linaingia hadi chumbani mwa wanandoa.

Janie ameolewa mara tatu. Mume wa kwanza, Logan Killicks, alichaguliwa na nyanya yake kwa ajili ya ekari zake sitini. Wa pili, Joe Starks, meya wa Eatonville, alimpa nyumba kubwa na duka kisha akamnyima kauli kwa miaka ipatayo ishirini. Tea Cake, ambaye Janie amemzidi umri kwa miaka kumi na kitu, anampeleka kwenye ardhi nyeusi ya Everglades, ambayo vibarua huiita tope tu, wakachume maharagwe. Huko mke huenda shambani pamoja na mumewe, mume naye husaidia kupika jioni, na vibarua wenzao hujazana nyumbani kwao kusikiliza gita na hadithi. Usomaji wa kimahaba wa riwaya hii umejengwa juu ya picha hiyo. Picha lakini haikamiliki bila kipigo. Kabla ya dhoruba, jirani aitwaye Bi. Turner, mwanamke anayeabudu weupe wa ngozi, anataka Janie aachane na Tea Cake aolewe na kaka yake. Tea Cake hana ushahidi wowote dhidi ya mkewe. Anampiga ili kuonyesha nani mwenye nyumba. Wanaume wa jirani wanamwonea gere, na msimulizi hatoi neno la kumlaumu. Kimya hicho kimewasumbua wasomaji wengi, nacho hakina budi kukumbukwa sura ya kumi na tisa inaposomwa.

Katikati ya mafuriko Janie anatupwa majini na upepo alipokuwa akijaribu kukamata kipande cha paa ili amkinge mumewe aliyechoka. Anashika mkia wa ng'ombe anayeogelea. Juu ya mgongo wa ng'ombe huyo yuko mbwa mkali. Tea Cake anajitosa na kisu, anamwua mbwa, lakini anaumwa shavuni. Msuko huu unastahili kuangaliwa kwa makini. Tendo la mke la kumhurumia mume ndilo linalomtia hatarini. Tendo la mume la kumwokoa mke ndilo linaloingiza maradhi mwilini mwake. Kweli wote wawili walikuwa wameonywa: Waseminole walipita wakihama, nao wakabaki kwa sababu ujira wa kuchuma maharagwe ulikuwa mzuri. Lakini hilo ni kosa la watu wengi, na riwaya haiwaadhibu kwalo. Janga linaingia katika ndoa hii kupitia mlango wa mapenzi yenyewe.

Sura ya kumi na tisa yafunguka katika chumba cha kupanga mjini Palm Beach. Wanandoa wamelipia mahali pa kulala, wala hawana zaidi ya hapo. Tea Cake anataka kutoka. Janie anamsihi asitoke, maana wanaume wanakamatwa mitaani na kulazimishwa kufukia maiti. Jibu la mumewe ni la mtu asiyeielewa bado hali mpya: ana pesa mfukoni, hivyo hakuna atakayemgusa. Punde Wazungu wawili wenye bunduki wanamgusa. Anapelekwa kuchimba, na kuamriwa akague kila maiti ijulikane ni ya Mzungu au ya Mweusi, kwa kuwa Mzungu atapata sanduku la mbao na Mweusi atanyunyiziwa chokaa shimoni. Maiti nyingi zimeharibika kiasi cha kutotambulika rangi. Hurston hapaazi sauti hapa. Anamwachia Tea Cake kejeli fupi juu ya Mungu asiyejua sheria za ubaguzi mpaka aonyeshwe jeneza, kisha anamrudisha mbio kwa mkewe aliyekuwa akihangaika kwa hofu.

Oktoba 1937, Richard Wright aliandika katika jarida la New Masses kwamba riwaya hii haina dhamira wala ujumbe. Ni vigumu kuona jinsi msomaji makini kama yeye alivyoipita kurasa hizi. Yaelekea alitarajia siasa iseme kwa sauti ya mkutano wa hadhara, ambapo hapa inasema kwa sauti ya mume na mke wakishauriana iwapo warudi kwao au wabaki ugenini. Hoja inayoamua ni kwamba Wazungu wa mji huu hawawajui, na Mzungu asiyekujua ni hatari zaidi kuliko yule anayekujua. Hesabu hiyo chungu ndiyo inayowarudisha kwenye tope. Kupona kwa familia hii hakuanzi na msaada wa yeyote, bali kunaanza kwa kupima ni mahali gani watadhulumiwa kidogo.

Majuma matatu ya kwanza baada ya kurudi yanasimuliwa kwa mistari michache, na hili ni dosari. Msomaji angependa kujua walilala wapi hasa, walikula nini, nani aliwakopesha sufuria. Jesmyn Ward, aliyeandika juu ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005 katika Salvage the Bones (2011), anayajaza makao ya familia yake vitu vya namna hiyo. Ila yeye anakoma siku moja baada ya dhoruba, ambapo Hurston ndiyo kwanza aanze. Hata hivyo mistari hiyo michache haikosi maana. Kazi imepatikana, rafiki waliyedhani amekufa wamemkuta hai, na miongoni mwa vitu vya kwanza anavyonunua Tea Cake ni bunduki na bastola badala ya zile zilizopotea. Wanandoa wanashindana kulenga shabaha, na kwa bunduki mke humshinda mume kila mara. Msomaji wa mara ya kwanza hucheka nao. Msomaji wa mara ya pili hujua kwamba nyumba inayojengwa upya imekwisha kupewa zana za kuibomolea.

Katika juma la nne Tea Cake anarudi nyumbani mapema akilalamika kichwa. Usiku anaamka akiwa amekabwa koo. Asubuhi anaomba maji, na maji hayapiti. Ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili yake mashuhuri ni kushindwa kunywa maji na kuyaogopa. Kinaya hiki kimetajwa na baadhi ya wahakiki kama jambo la kimaumbile tu: aliyenusurika maji anauawa na hofu ya maji. Lakini jazanda ya Hurston ni ya kinyumbani zaidi. Kumpa mumeo maji ya kunywa ni katika wajibu mdogo kabisa wa unyumba, mdogo kiasi cha kutofikiriwa. Sasa kikombe kile kinamfanya mume amshuku mke. Tea Cake analalamika kwamba ndoo si safi. Janie anaisugua upya. Mtiririko wa lawama zake ni ule ule uwezao kusikika katika nyumba yoyote ambayo mume hakupendezwa na chakula. Ugumu wa sura hii umo humo: msomaji hawezi kusema kwa hakika ni wapi nung'uniko la kawaida la mume linakoma na ugonjwa unaanza.

Daktari anamwambia Janie peke yake. Dawa iliyowahi kupatikana tangu siku za Pasteur ingemfaa mgonjwa kama angedungwa mapema baada ya kuumwa. Ile inayoagizwa sasa haiwahi. Mke anashauriwa ajitenge naye. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika ndoa hii, mke anajua jambo kuhusu mwili wa mume ambalo mume halijui, na analificha kwa huruma. Tea Cake anahisi kuna siri. Anajua pia kwamba kaka yake Bi. Turner amerudi. Anapouliza kwa nini hawalali tena kitanda kimoja, swali lake lina haki yake yote. Mwenye kuliuliza tu ndiye amebadilika.

Hapa ndipo usomaji uliozoeleka unapohitaji kupingwa. Husemwa kwamba si Tea Cake anayetaka kumwua Janie, bali ni mbwa aliye ndani yake, na matini yenyewe yanatoa nafasi ya kusema hivyo, kwani Janie anamwona mbwa yule machoni pa mumewe. Tafsiri hiyo inamsafisha mume kabisa. Lakini wivu uliomo katika maneno ya mgonjwa haukuletwa na mbwa. Ulikuwapo kabla ya dhoruba, ulimpiga Janie bila ushahidi, na majirani wakaushangilia. Maradhi yanaondoa breki tu. Gari ni lile lile. Hurston, kwa kuchagua ugonjwa unaochukua majuma kadhaa kujitokeza, amepata mfano sawia wa jambo lililolala ndani ya ndoa likingoja wakati wake. Kwamba msimulizi wake hataki kulitamka hilo ni udhaifu wa msimulizi, wala si wa msuko. Msuko unajua zaidi ya msimulizi.

Uthibitisho uko katika namna Janie anavyojiandaa. Mume akiwa chooni nje, anaikuta bastola chini ya mto, ina risasi tatu. Angeweza kuzitoa, ila akigundua atajua kwamba mkewe anamwogopa. Basi anazungusha mtungi wa risasi ili kifyatulio kilie bure mara tatu kabla ya risasi ya kwanza. Hii ni akili ya mke anayemjua mumewe: anataka kujilinda na kumhifadhia heshima kwa tendo moja, na anampa nafasi tatu za kurudi. Hazitumii. Bastola inalia mara tatu, kisha bastola na bunduki zinalipuka karibu pamoja. Anaanguka mikononi mwake, na meno yake yanazama katika mkono wake. Ukumbatio wa mwisho wa ndoa hii ni jeraha lile lile lililopatikana majini, likirudishwa kwa aliyeokolewa.

Kuhusu kesi, mengi yamekwisha kusemwa. Robert Stepto alilalamika kwamba Hurston anamnyima Janie sauti mahakamani, kwa kuwa ushahidi wake unasimuliwa katika nafsi ya tatu, wengine wakamtetea. Makala haya hayana la kuongeza ila hili: watu wanaomkabili pale ni Wazungu wageni na vibarua wenzake waliogeuka, na unyumba wa majuma manne hauwezi kuelezwa mbele ya wote hao. Janie anausimulia baadaye, nyuma ya nyumba yake ya Eatonville, miguu ikiwa majini, kwa rafiki yake Pheoby. Maji yanayomchosha uchovu pale ni ya kwanza tangu gharika kutumika kwa amani.

Mazishi ndiyo yaliyostahili kuangaliwa zaidi kuliko kesi. Janie anaagiza pesa zake na kumzika mumewe Palm Beach, katika kaburi imara lisilofikiwa na mafuriko, na gita jipya mkononi. Katika mji ule ule alikolazimishwa kuwatupa wenzake shimoni, Tea Cake analazwa kwa jina lake. Mkewe aliyemwua ndiye anayemtoa katika hesabu ya wasio na majina. Haendi amevaa nguo za kifahari za matanga. Amevaa ovaroli ya shambani, ile waliyochumia maharagwe.

Anaporudi Eatonville anachukua kitu kimoja tu kutoka nyumba yao: kipakiti cha mbegu za bustani ambacho Tea Cake alinunua baada ya kimbunga na hakuwahi kukipanda, kwa kuwa alikuwa akingojea mwezi ufikie mahali pake.