Pata Potea ya Mfukoni

Genshin Impact ni mchezo mtamu, na utamu wenyewe ndio mtego. Kimondo kinashuka, kikiwaka dhahabu moyo unaruka. Nafasi ya kumpata mhusika wa nyota 5 kila ukijaribu? Asilimia 0.6, yaani 6 kwa 1,000. Ukikosa mara 89, ya 90 lazima atoke. Kufika huko mfuko ushatoboka.

Tangu Desemba 2017 Apple inataka namba hizi zionyeshwe kabla mtu hajanunua. Haya, zimeonyeshwa: nyuma ya kitufe kidogo, kwenye maandishi marefu kama mkataba wa nyumba. Kijana wa barazani Mji wa Kale, anayemcheka jamaa aliyeliwa na karata tatu za pata potea, anasoma hayo saa ngapi? Ile 0.6 ikae juu ya kitufe chenyewe cha kujaribia bahati, kubwa kama bei ya petroli.